Nani aliongoza mwaka 2018? Shajara ya kupanga warushaji wa besiboli kwa asilimia ya ushindi

Shajara hii ni ya klabu ya hisabati ya shule yetu ya sekondari, hapa Manispaa ya Mtwara. Tunawapanga warushaji, yaani wachezaji wanaomrushia mpigaji wa timu pinzani mpira, wa ligi kuu ya besiboli ya Marekani kwa asilimia ya ushindi katika msimu mmoja, wa 2018. Kazi yote inafanyika kwenye jedwali la Excel ambalo shule yoyote yenye kompyuta moja inaweza kulirudia. Naandika kila hatua ikikamilika. Hatua nyepesi nitazipita haraka. Pale tulipokwama nitapaeleza kwa urefu, kwa kuwa ndipo na wewe utakapokwama.

Kwa nini besiboli, mchezo ambao wanafunzi wetu wengi hawajauona kwa macho? Namungo ikifungwa nyumbani Ruangwa, ligi inaandika kwamba timu imefungwa, basi. Hakuna kitabu kinachosema kipa fulani msimu huu ana ushindi 15 na vipigo 3. Besiboli inaandika hivyo. Mchezo ukiisha, mrushaji mmoja wa timu iliyoshinda anaandikiwa ushindi kwa jina lake, na mmoja wa timu iliyoshindwa anaandikiwa kipigo. Kwa mada ya takwimu ya kidato cha tatu sijapata mfano mzuri kuliko huu, maana namba ni nyepesi kabisa kuikokotoa, na bado ina mambo mengi yaliyojificha ndani yake.

Kanuni zenyewe kwa ufupi. Mchezo una awamu tisa, na katika kila awamu kila timu hupata zamu ya kupiga. Mrushaji aliyeanza mchezo wa kawaida hawezi kuandikiwa ushindi asipomaliza awamu tano. Akitoka timu yake ikiongoza, na uongozi huo usipotee mpaka mwisho, ushindi ni wake. Akitoka wakiwa sare, au uongozi ukaja kupotezwa na waliomfuata, kwa kawaida haandikiwi kitu. Kipigo humwangukia yule aliyehusika na pointi iliyowapa wapinzani uongozi wa mwisho. Asilimia ya ushindi ni ushindi gawanya kwa jumla ya ushindi na vipigo, nayo naiandika kwa desimali: 1.000 ni ushindi mtupu. Jumla hiyo humu ndani naiita michezo iliyohesabiwa, na rekodi naiandika ushindi kwanza, vipigo pili: 21-5.

8 Februari 2025

Tumeanza kwa mkono. Wanafunzi walisoma rekodi kwenye simu yangu, mmoja anataja, mwingine anaandika kwenye kompyuta. Kazi ilikwenda haraka mpaka tulipoweka fomula ya kugawanya, ndipo majibu yakaja ya ajabu.

Chanzo ni hiki. Rekodi tuliiandika kama inavyosomwa, 21-5, ndani ya kisanduku kimoja. Excel ikiona namba mbili zenye kistari katikati inadhani umeandika tarehe. Rekodi ya Blake Snell wa Tampa Bay, 21-5, ikageuka 21 Mei. Charlie Morton wa Houston, 15-3, akawa 15 Machi. Miles Mikolas wa St. Louis, 18-4, akawa 18 Aprili. Na tarehe ndani ya Excel ni namba ya siku zilizohesabiwa tangu mwanzo wa 1900, kwa hiyo 21 Mei ya mwaka huu ni 45798. Ukiigawanya hiyo unapata mlima wa tarakimu.

Kubadilisha sura ya kisanduku kuwa maandishi baada ya kosa kutokea hakusaidii: 21-5 hairudi, inabaki 45798. Inabidi kufuta na kuandika upya. Dawa ni kutoiweka rekodi katika kisanduku kimoja tangu mwanzo. Ushindi una safu yake, vipigo vina safu yake. Ukitaka kuonyesha 21-5 kwenye bango, iunganishe mwishoni kwa fomula =B2&"-"&C2, ambayo inatoa maandishi na haigeuki tarehe.

Gharama: bando, shilingi 3,000.

22 Februari 2025

Kuandika kwa mkono tumeacha. Ipo hifadhidata ya bure iliyoanzishwa na Sean Lahman, inayopatikana kwenye intaneti, yenye rekodi za ligi hiyo tangu karne ya 19. Faili la warushaji linaitwa Pitching. Umeme ulikatika katikati ya kupakua, ikabidi kuanza tena, lakini faili si kubwa. Chuja safu ya mwaka, bakiza 2018 tu.

Kosa la kwanza lilikuwa dogo. Wako warushaji wasio na ushindi wala kipigo, na Excel inagoma kugawanya kwa sifuri. Fomula =IF(B2+C2=0,"",B2/(B2+C2)) inamaliza shida hiyo.

La pili lilikuwa zito zaidi. Tulipopanga kuanzia juu, miongoni mwa waliokaa kileleni na 1.000 kamili alikuwa J.A. Happ wa New York Yankees, 7-0. Chini kidogo jina lile lile lilijitokeza tena, J.A. Happ wa Toronto, 10-6, yaani 0.625. Mtu mmoja, nafasi mbili.

Faili halina mstari mmoja kwa mtu. Lina mstari mmoja kwa kila kipindi mtu alichokaa na timu. Happ alihamishwa kutoka Toronto kwenda Yankees katikati ya msimu, akapata mistari miwili, na safu iitwayo stint ndiyo inayosema hiki ni kipindi cha kwanza au cha pili. Ukiwajumlisha, Happ ni 17-6, sawa na 0.739, msimu mzuri lakini si wa miujiza. Cole Hamels naye alikuwa hivyo hivyo: 5-9 akiwa Texas, 4-3 akiwa Chicago Cubs, jumla 9-12. Anayesoma mstari wa pili peke yake atadhani alikuwa na mwaka wa ushindi.

Fomula ya kujumlisha ni SUMIFS, na hapa kuna jambo la kushika. Jumlisha kwa safu ya playerID, yaani alama ya pekee ya kila mchezaji, usijumlishe kwa jina. Mwaka 2000 timu ya New York Mets ilikuwa na warushaji wawili walioitwa Bobby Jones, wote katika kikosi kimoja. Ukijumlisha kwa jina utawafanya mtu mmoja, na hakuna alama yoyote nyekundu itakayokuonya.

Gharama: bando, shilingi 5,000.

15 Machi 2025

Mwezi huu wa Ramadhani klabu inakutana asubuhi na kwa muda mfupi, kwa hiyo tumeshughulikia swali moja tu: mtu awe na michezo mingapi iliyohesabiwa ndipo aingie kwenye orodha?

Bila kizuizi, kilele chote kinashikwa na watu wa 1-0 na 2-0, ambao baadhi yao walirusha awamu chache mwaka mzima. Mwanafunzi mmoja, ambaye baba yake anapima ubora wa korosho ghalani, aliwaelewesha wenzake vizuri kuliko nilivyoweza mimi: hupimi gunia kwa korosho tatu za juu, hata zote tatu zikiwa nzuri. Hapo darasa zima likanyanyua vichwa.

Tuliangalia desturi mbili. Marekani, orodha za rekodi za asilimia ya ushindi mara nyingi hudai michezo iliyohesabiwa isiyopungua 15. Ndiyo maana jina la Elroy Face wa Pittsburgh linakaa juu tangu 1959, alipomaliza na 18-1, sawa na 0.947, naye hakuanza mchezo hata mmoja mwaka ule. Alikuwa mrushaji wa akiba, anayeingia baadaye. Japani hutoa tuzo rasmi kwa aliyeongoza kwa asilimia ya ushindi, na sharti lake linahesabu ushindi peke yake: usipungue 13. Masahiro Tanaka wa Rakuten alimaliza msimu wa 2013 kwa 24-0. Hapo hakuna kizuizi kinachoweza kumgusa.

Tulijaribu masharti yote mawili kwenye 2018. Kwa michezo 15, Chris Sale wa Boston, 12-4, anaingia. Kwa ushindi 13, anatoka. Sharti la Japani lina ubaya mwingine ambao kwetu ni mkubwa: haliwezi kuonyesha mkia wa orodha. Dylan Bundy wa Baltimore alikuwa 8-16, michezo 24 iliyohesabiwa, ushahidi wa kutosha kabisa, ila hafiki ushindi 13, kwa hiyo anafutika. Kwa tuzo haidhuru, kwa sababu tuzo inamtafuta wa kwanza tu. Kwa wanafunzi wanaojifunza mtawanyiko wa data, kukata mkia ni kuwaficha nusu ya picha. Tumechukua michezo 15.

Kwa sharti hilo wa kwanza ni Morton, 15-3, 0.833. Wa pili Mikolas, 18-4, 0.818. Wa tatu Snell, 21-5, 0.808.

Kumbuka kisa kimoja kilichoachwa nje. Blake Treinen wa Oakland, mrushaji wa akiba, alikuwa 9-2. Piga hesabu: 9/11 ni 0.818, na 18/22 ya Mikolas ni 0.818, sawasawa hadi tarakimu ya mwisho. Asilimia inasema watu hawa wawili ni sawa, wakati mmoja ana ushahidi maradufu ya mwenzake. Na ndani ya orodha wamo watatu waliofungana kwa robo tatu kamili: Jon Lester 18-6, Gerrit Cole 15-5, Sale 12-4. Fomula ya RANK inawapa wote nafasi moja kisha inaruka. Nilikataa kuwatenganisha kwa alfabeti.

12 Aprili 2025

Tumerudi baada ya Idi na swali lililobaki mezani. Msichana mmoja wa kidato cha tatu aliliuliza hivi: "Mwalimu, Snell kashinda mara 21, Morton 15. Snell kapigwa mara mbili tu zaidi. Kwa nini Morton awe juu?"

Swali hili ni la haki na halijibiwi kwa kusema "ndivyo fomula inavyotaka". Kizuizi cha michezo 15 kinawatoa watu wa 2-0, lakini kwa walioingia kinawachukulia wote kuwa na ushahidi sawa, awe na michezo 16 au 27.

Njia tuliyoijaribu ni kumpa kila mrushaji mtaji: idadi sawa ya ushindi na vipigo vya kubuni kabla hajaanza msimu. Aliyecheza michezo michache mtaji unamvuta sana kuelekea nusu. Mwenye michezo mingi anavutwa kidogo. Laplace, mwanahisabati wa Ufaransa, alikuwa ameshaweka msingi wa wazo hili katika karne ya 18 kwa kuongeza moja na moja. Swali gumu ni kiasi gani cha kuongeza, kwa hiyo tuliweka mtaji kwenye kisanduku kimoja juu ya jedwali, F1, na fomula ikawa =(B2+$F$1)/(B2+C2+2*$F$1). Badilisha F1, orodha nzima inajipanga upya.

Kwa mtaji wa 1, Morton ana 0.800, Mikolas 0.792, Snell 0.786. Mpangilio ule ule. Kwa 2: 0.773, 0.769, 0.767. Bado ni ule ule, ila wamekaribiana mno. Kwa 3, jedwali likaonyesha 0.750, 0.750, 0.750, na RANK ikaandika 1, 1, 1.

Niliamini fomula imeharibika. Dalili kama hii kwa kawaida ni alama ya dola iliyosahauliwa, visanduku vyote vikasoma mstari mmoja. Tulikagua kila kisanduku, tukaweka mtaji kwa mkono, tukachukua kikokotoo. Morton: 18 kwa 24. Mikolas: 21 kwa 28. Snell: 24 kwa 32. Zote ni robo tatu, bila kukadiria chochote. Jedwali halikuwa na kosa hata moja.

Kwa mtaji wa 4 meza ikapinduka: Snell 0.735, Mikolas 0.733, Morton 0.731. Kwa 5: Snell 0.722, Mikolas 0.719, Morton 0.714. Kwa 10: 0.674, 0.667, 0.658. Chini ya 3 Morton ni wa kwanza na Snell wa tatu. Juu ya 3 Snell ni wa kwanza na Morton wa tatu. Mikolas yuko katikati siku zote, hatikisiki.

Hatukuondoka hapo mpaka tulipojua sababu. Tuliweka vipigo kwenye mhimili wa x na ushindi kwenye mhimili wa y, karatasi ya grafu ya kawaida. Nukta tatu, (3, 15), (4, 18), (5, 21), zilikaa kwenye mstari mmoja ulionyooka wenye mteremko wa 3. Kutoka Morton hadi Mikolas ni ushindi tatu na kipigo kimoja, na kutoka Mikolas hadi Snell ni hivyo hivyo. Mlinganyo wake ni y = 3x + 6. Mwanafunzi aliyekuwa na rula akaurefusha mstari kuelekea chini kushoto, ukavuka mhimili, ukapita kwenye nukta (-3, -3).

Hapo ndipo penyewe. Asilimia ya kawaida ni kumtazama mrushaji ukiwa umesimama kwenye (0, 0): kadiri mteremko wa kutoka hapo hadi kwenye nukta yake unavyokuwa mkali, ndivyo anavyopanda. Kuongeza mtaji wa 3 ni kurudi nyuma na kusimama kwenye (-3, -3). Kutoka pale wale watatu wako kwenye mstari mmoja wa macho, hakuna aliye juu ya mwenzake. Ukirudi nyuma zaidi, aliye mbali zaidi, Snell, anapanda juu ya wengine. Nimefundisha mteremko kwa miaka, na sijawahi kuona darasa likiukamata kwa furaha kama siku ile.

Kwa wale watatu wa robo tatu, mtaji wowote unawatenganisha kwa mpangilio mmoja: Lester, Cole, Sale. Na Treinen na Mikolas hawafungani tena hata kwa mtaji wa 1.

Je, mtaji sahihi ni upi? Kuna njia ya kuupima: chukua msimu mmoja, jaribu mitaji mbalimbali, uone ni upi unaokisia vizuri zaidi rekodi za watu wale wale msimu unaofuata. Hiyo ni kazi ya baadaye. Kwa sasa tumeamua kuchapa safu tatu, mtaji 0, 3 na 10, na kuandika mtaji juu ya kila safu kwa herufi kubwa. Orodha inayoficha mtaji wake imemchagulia msomaji mshindi bila kumwambia, na hilo silikubali kwenye ukuta wa darasa langu.

Gharama: karatasi za grafu, shilingi 1,500.

26 Aprili 2025

Sasa suala la timu. Mwalimu mwenzangu wa michezo alipitia orodha akaniambia, "Mwalimu, hawa wa Boston unawapendelea. Ile timu ilishinda kila mtu." Kweli, Boston ilimaliza 2018 kwa 108-54 na kuchukua ubingwa. Rick Porcello wa Boston alikuwa 17-7, 0.708, huku akiruhusu wastani wa pointi 4.28 kwa kila awamu tisa (wastani huu, hapa na chini, hauhesabu pointi zilizotokana na makosa ya wadakaji). Aaron Nola wa Philadelphia alikuwa 17-6, 0.739, akiruhusu 2.37 tu. Asilimia inawaweka karibu karibu. Mmoja alikuwa na wapigaji nyuma yake waliomfunika makosa, mwingine timu yake ilimaliza 80-82.

Njia: toa ushindi na vipigo vya mrushaji kutoka rekodi ya timu, tafuta asilimia ya timu bila yeye, kisha ona amezidi kwa kiasi gani. Boston bila Porcello ni 91-47, yaani 0.659. Porcello amezidi kwa 0.049. Philadelphia bila Nola ni 63-76, yaani 0.453. Nola amezidi kwa 0.286. Ukizidisha tofauti hiyo kwa michezo iliyohesabiwa unapata ushindi wa ziada: Porcello 1.2, Nola 6.6. Kwa kipimo hiki Snell ana 7.8, Mikolas 7.0, na Morton, aliyekuwa katika Houston ya 103-59, anashuka hadi 4.0.

Kosa lililojitokeza: kwa haraka, vipigo vya timu vilikokotolewa kwa 162 toa ushindi, kwa kuwa msimu una michezo 162. Cubs wakatoka 95-67, na rekodi yao ya kweli ni 95-68. Mwaka 2018 timu nne, Cubs, Milwaukee, Los Angeles Dodgers na Colorado, zilicheza mchezo wa 163 kuvunja sare ya vinara, na Miami na Pittsburgh waliishia 161 kwa sababu mchezo mmoja kati yao ulifutwa. Chukua vipigo kwenye faili la timu, usivikokotoe.

Kisha tukafika kwa Jacob deGrom wa New York Mets, na hapo kipimo chetu kizuri kikashindwa.

DeGrom mwaka ule aliruhusu wastani wa pointi 1.70 kwa awamu tisa. Alianza michezo 32, akarusha awamu 217, akawatoa wapigaji 269 kwa mapigo matatu. Ligi kuu ya Marekani ina ligi mbili ndani yake, na kila moja humpa mrushaji wake bora tuzo ya Cy Young; ya ligi yake deGrom alipewa kwa kura 29 za nafasi ya kwanza kati ya 30. Rekodi yake ni 10-9. Asilimia 0.526. Tulitarajia kuondoa timu kutamwinua, kwa kuwa Mets walikuwa dhaifu. Mets bila yeye ni 67-76, sawa na 0.469. DeGrom amezidi kwa 0.058, ushindi wa ziada 1.1. Chini ya Porcello.

Tulikagua hesabu na haina kosa. Tatizo liko ndani ya namba zenyewe. Alianza michezo 32, iliyohesabiwa ni 19, kwa hiyo 13 haikuandikwa kwa jina lake. Mets walishinda 14 na kupoteza 18 katika michezo aliyoanza. Toa 10 na 9 zake: katika ile 13 walishinda 4, wakapoteza 9. Alitoka uwanjani bila kuandikiwa kitu, kisha timu ikapigwa. Na katika ile iliyohesabiwa wapigaji wake hawakumfungia za kutosha. Kipimo cha kutoa timu kinadhani wenzake humfungia pointi sawa na wanavyowafungia warushaji wengine. Wakimnyima yeye kuliko wengine, kipimo hakina jicho la kuona hilo.

Wanafunzi walitaka tumwongezee. Nilikataa, na nafikiri nilifanya vyema. Asilimia ya ushindi haiwezi kurekebishwa mpaka imtendee deGrom haki, kwa sababu inahesabu matokeo ya timu siku ambazo jina lake liliandikwa, na hilo si swali la namna alivyorusha. Tulichofanya ni kuongeza safu ya mwisho, wastani wa pointi alizoruhusu, bila kuichanganya na nyingine. Msomaji atamwona Snell na 0.808 na 1.89, na deGrom na 0.526 na 1.70, wote wawili washindi wa Cy Young wa mwaka mmoja, kila mmoja katika ligi yake, na atajiuliza mwenyewe.

10 Mei 2025

Orodha imebandikwa ukutani. Manila nne, shilingi 4,000. Maka peni tatu, 4,500. Kuchapa nakala za wanafunzi, 2,000. Ukijumlisha na bando na karatasi za grafu, mradi umekula shilingi 20,000, zote kutoka mfuko wa klabu.

Kabla ya kubandika tuliweka nyota kwenye jina moja, Ryan Yarbrough wa Tampa Bay, 16-6. Mwaka ule Tampa Bay walianza mbinu mpya: mrushaji wa akiba anaanza mchezo, anarusha awamu moja au mbili, kisha anaingia mtu wa kurusha awamu nyingi. Tarehe 19 na 20 Mei 2018 Sergio Romo alianza siku mbili mfululizo kwa namna hiyo. Anayeanza hivyo hafikishi awamu tano, kwa hiyo ushindi hauwezi kuwa wake, na anayemfuata hafungwi na sharti la awamu tano. Yarbrough alianza michezo michache tu, na ushindi wake mwingi ulitokana na mpango huo. Hatukumtoa. Nyota inamwambia msomaji kwamba 16-6 ile imepatikana kwa njia tofauti na 18-6 ya Lester.

Faili nimempelekea mwalimu mwenzangu wa Lindi kwa flashi. Ameshalijaribu kwa msimu wa 1984 na kunirudishia swali: Rick Sutcliffe alianza mwaka ule Cleveland, 4-5, akahamia Cubs na kumaliza 16-1. SUMIFS yetu inatoa 20-6, yaani 0.769, wakati orodha za ligi ya Cubs zinampa 0.941. Yote mawili ni sahihi. Cleveland na Cubs walikuwa ligi mbili tofauti, na uongozi wa ligi huhesabiwa ndani ya ligi hiyo peke yake. Happ hakutupa shida hiyo kwa kuwa Toronto na Yankees wako ligi moja. Nimeongeza sharti la pili kwenye SUMIFS, safu ya lgID inayotaja ligi, na kisanduku cha kuchagua kama unataka ligi moja au zote. Toleo hilo ndilo la kunakili, lile la Februari lifutwe.

Kinachofuata ni kupakua msimu wa 2019 na kupima mitaji: 0, 3, 5, 10, na labda 20, ni upi unaokisia vizuri. Kidato cha tatu wameshagawana majina kwa herufi.